Mzazi Anapoomba Msaada wa Mtoto: Abishe Hodi Wapi, na Lini?

Hotuba kwa wazazi wa Kaunti Ndogo ya Ainabkoi

 

Mazungumzo ya leo ni kuhusu jambo ambalo kila mzazi analifahamu, awe anaishi Kapsoya mjini, Kaptagat au Olare: pesa za kulea mtoto. Katika mikutano mingi ya hadhara, swali hilo huja mwishoni, wakati watu wameanza kusimama. Mama mmoja huinua mkono na kuuliza, "Na sisi wenye watoto, serikali inatusaidia vipi?" Leo swali hilo linatangulia.

Kwanza, hali ilivyo. Mahindi ya Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Shule hufunguliwa Januari. Mkulima asiye na akiba huuza magunia yake kwa dalali kwa bei ya siku hiyo, kwa sababu mtoto anahitaji sare, vitabu na karo. Ikifika Mei au Juni, familia iyo hiyo inanunua unga dukani kwa bei iliyopanda. Karo ya Januari hulipwa kwa ugali wa Juni. Kwa mzazi wa mjini anayefua nguo za watu au kufanya vibarua, hali ni ngumu zaidi, maana hana hata gunia la kuuza.

Kwa hiyo mzazi anayeomba msaada wa serikali haombi kwa uvivu. Wala haombi hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe ya msingi, makao na huduma za afya. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Katika Kifungu cha 53 neno ni "kila mtoto". Hakikuandikwa kwa ajili ya yatima peke yao.

Eldoret ina ushahidi wake wa kile kinachotokea kizuizi cha pesa kinapoondolewa. Mwaka 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Januari 2004, mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuwaeleza viongozi wa dunia umuhimu wa elimu ya bure. Watu wengi humkumbuka kama kioja cha mzee aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Lakini maana ya safari yake ilikuwa wazi: kilichomzuia maisha yake yote hakikuwa akili wala nia.

Mwaka huo huo wa 2004, serikali ya kitaifa ilianza kwa majaribio kuzipa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu pesa taslimu. Mpango huo ulianza na familia chache katika maeneo machache. Leo uko chini ya Inua Jamii, pamoja na malipo ya wazee waliotimiza miaka 70 na malipo ya watu wenye ulemavu mkubwa. Familia iliyoandikishwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kweli, lakini kiwango hicho hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 10, na kila mzazi anajua unga ulivyopanda katika muda huo.

Kuna pengo jingine. Baba na mama walio hai, wanaohangaika na watoto wanne katika shamba la robo ekari, mara nyingi hujikuta nje ya mpango huo. Ndiyo maana wazazi na mashirika ya kutetea watoto wamekuwa wakiuliza: mbona kusiwe na malipo ya kila mtoto mdogo, bila kungoja afiwe ndipo aonekane? Swali hilo limeshajaribiwa hapa Kenya. Katika kaunti za Embu, Kajiado na Kisumu ulifanywa mradi wa majaribio uliowalipa walezi wa watoto wa chini ya miaka 3 shilingi 800 kwa mwezi. Kwa hiyo mzazi wa Ainabkoi anayeuliza hivyo haoti ndoto.

Nchi nyingine zilianza kidogo vivyo hivyo. Afrika Kusini ilianzisha ruzuku ya watoto mwaka 1998, randi 100 kwa mwezi kwa watoto wa chini ya miaka 7 kutoka familia maskini. Umri uliongezwa hatua kwa hatua mpaka ukafika miaka 18. Uingereza, mbunge Eleanor Rathbone alidai malipo ya familia kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ilipitishwa mwaka 1945, na alisisitiza pesa zipewe mama badala ya baba. Alifariki Januari 1946, miezi michache kabla ya malipo ya kwanza kutoka. Hakuyaona, lakini akina mama waliyapokea.

Sasa tuje nyumbani. Mambo mawili huua ombi la mzazi kabla halijasikika: kupelekwa mahali pasipo pake, na kupelekwa wakati umekwisha pita.

Chukua mfano wa mama anayemfuata mwakilishi wadi kumuuliza kwa nini jina lake halimo katika Inua Jamii. Mwakilishi wadi hana orodha hiyo. Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa, na majina hupitia kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Mama huyo anaporudi nyumbani bila jibu, husema serikali haijali. Ukweli ni kwamba alibisha kwa jirani.

Mgawanyo uko katika Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya kaunti ina jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kutunza watoto, na zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Mzazi anayetaka darasa la chekechea, mwalimu wake, uji wa watoto au kituo cha kuwaacha watoto akienda sokoni, aende kwa kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa, na malipo ya Inua Jamii pia. Basari ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge inashughulikiwa na ofisi ya hazina hiyo katika eneo bunge. Na anayetaka sheria ya malipo kwa kila mtoto nchini, ombi lake ni la Bunge la Taifa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi hapo.

Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule ya umma ajue pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kukosa kulipa michango hiyo. Ukurasa huo wa sheria unaweza kusomwa katika mkutano wa wazazi bila kumgombeza mwalimu mkuu.

Kuhusu wakati, mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani, hufikishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yenyewe hufuata kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30.

Tazama tarehe hizo pamoja na msimu wa mkulima. Kilio cha wazazi huwa kikubwa zaidi Januari, wakati wa karo. Ni wakati huo huo ambapo waraka wa Februari unaandikwa. Lakini wengi hulia barabarani na dukani, kisha Machi wanaingia shambani kupanda. Wanapokumbuka tena, ni Julai, na pesa zimeshagawanywa. Kilio cha Januari kiandikwe kabla Februari haijaisha.

Na kiandikwe kwa hesabu. "Watoto wetu wanateseka" ni maneno ya kweli, ila hayana mahali pa kuingia katika jedwali la bajeti. Kikundi cha akina mama kikitembea nyumba kwa nyumba kinaweza kujua kijiji kina watoto wangapi wa umri wa chekechea, wangapi hawajaandikishwa, kilomita ngapi hadi darasa la karibu, na wangapi walikosa masomo muhula uliopita kwa sababu ya pesa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Inahitaji daftari, kalamu na wiki moja. Afisa akiiona, hawezi kusema tatizo halipo. Ataweza tu kusema pesa ziko au haziko, na jibu hilo linaweza kuulizwa tena mwaka ujao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupeleka ombi kwa maandishi, kwa kaunti na kwa Bunge la Kaunti. Kikao cha ushiriki wa umma kikitangazwa, wazazi wachague wasemaji wawili, wakabidhi karatasi, na wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila nakala hiyo, mwaka ujao mazungumzo yanaanza upya.

Lipo pia ambalo mzazi anaweza kulifanya leo bila kungoja bajeti ya mtu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ni vigumu kuingia katika mpango wowote, hata ukiwa mzuri namna gani. Vyeti vitafutwe sasa. Nyanya anayelea wajukuu ahakikishe kitambulisho chake na vyeti vya vifo vya wazazi wa watoto vipo mahali pamoja. Kuandikishwa katika Inua Jamii hakulipiwi. Yeyote anayeitisha "ya chai" ili aandike jina anavunja sheria, na aripotiwe.

Na kwa familia yenye mtoto mwenye ulemavu: asifichwe. Mtoto anayehitaji uangalizi wa saa zote anaweza kufikiriwa chini ya malipo ya watu wenye ulemavu mkubwa, lakini hawezi kuhesabiwa akiwa amefungiwa chumba cha nyuma. Jirani anayejua nyumba hiyo aende kwa upole, aongee na mama, na amsindikize mpaka ofisini.

Hakuna anayeahidi hapa kwamba ombi lililoandikwa vizuri litajibiwa mara moja. Bajeti ni ndogo kuliko mahitaji, na wadi nyingine nazo zinaandika. Lakini lipo jambo moja lililo hakika: kijiji ambacho hakikuandika hakimo hata katika orodha ya waliokataliwa. Elimu ya bure, malipo ya mayatima na ruzuku za watoto katika nchi nyingine zilianza kwa watu kuuliza swali lile lile mwaka baada ya mwaka, mpaka likapata mstari wake katika bajeti.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Kila kijiji kikianza na daftari moja, Ainabkoi itafika Februari ikiwa na la kusema.