Picha Zetu Ziko Wapi?
(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama, Shangani, Mtwara)



Sisi watu wa kusini twajua maana ya kitu kujengwa kikatoweka. Reli ya Mtwara na Nachingwea ilitandikwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947. Mpango ule ukafa 1951, reli ikafungwa 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Lakini wazee wetu wanaikumbuka reli, na watoto wao wameelezwa. Leo tunataka kusema juu ya kitu kingine kilichotoweka, ambacho wengi wetu hatukuelezwa kamwe: mahali palipotengenezwa sinema katika nchi hii.

Mwaka 1935, huko Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walianzisha kazi ya kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Fedha nyingi zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie. Hata 1937 kazi ilipokwisha, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa: juu ya safura, juu ya kodi, juu ya kuweka fedha benki ya posta. Sauti ziliwekwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na lori likazunguka nchi za Afrika Mashariki likiwaonyesha watu.

Katika filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu. Nazo haziko Vugiri, wala Dar es Salaam. Ziko Uingereza, katika hifadhi ya British Film Institute. Jina la Notcutt tunalo, na la Latham tunalo. Ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la Mwafrika mmoja aliyeigiza mbele ya kamera zile?

Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaja kampuni ya Afrika Kusini, ikapiga sinema za Kiswahili Dar es Salaam. Studio yake ilikuwa mitaa yenyewe. Katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa kijana wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuongoza vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Jina lake limebaki kwa sababu alikuwa mkubwa. Wenzake waliosimama naye katika picha ile, nani anawakumbuka?

Msidhani kwamba haya ni makosa ya wakoloni peke yao. Baada ya Uhuru tuliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968. Leo haipo. Zanzibar ilipata televisheni 1973, na bara ikapata 1994. Tangu hapo michezo mingi imepigwa katika nyumba za kukodi na nyua za watu. Mchezo ukiisha, nyumba inarudi kwa mwenyewe, inapakwa rangi mpya, nao ukumbusho umekwisha.

Wako watakaosema: bei ya korosho kwanza, sinema baadaye. Ni kweli, mwenye njaa hali picha. Lakini taifa lisilojua nani alifanya nini, na wapi, hudanganywa upesi, hata katika bei ya korosho. Akiba ya kumbukumbu ni mali kama mali nyingine, na mali isiyo na mlinzi huchukuliwa.

Kwa hiyo tuna mambo matatu ya kufanya. La kwanza, kila tawi lichague vijana wawili wanaojua kuandika vizuri. Waende kwa wazee, waulize: sinema ilionyeshwa wapi hapa Mtwara, Mikindani, Msimbati? Nani alipiga, nani aliigiza, mwaka gani? Wayaandike majina yote, ya mbeba taa pamoja na ya mwigizaji.

La pili, mtu akija na kamera kupiga picha kwenye pwani zetu, au kule Ruvuma inakomwagia maji baharini, tumkaribishe kwa heshima, lakini tumwulize: nakala moja itabaki wapi? Ibaki katika maktaba yetu.

La tatu, tuseme kwa sauti moja kwamba nakala za filamu zilizopigwa katika ardhi hii zirudi, zionekane na watoto wa watu waliomo ndani yake.

Hatuombi majumba ya fahari. Kuta za studio huanguka popote duniani. Tunachotaka ni daftari, majina, na nakala. Hayo yako katika uwezo wetu, na wazee wanaojua hawatatungoja. Tuanze juma hili.