Mapenzi Katika Kituo Kimoja cha Kazi



Nimekuja kusema juu ya jambo ambalo kila mtumishi analijua na vikao vyetu hulikwepa, yaani watu wa kituo kimoja wanapopendana.

Kanuni za maadili ya utumishi wa umma za mwaka 2005 zinamtaka mtumishi ajiepushe na uhusiano wa kimapenzi mahali pa kazi. Dodoma mjini agizo hilo halina utata. Ukitoka ofisini unapanda daladala, unarudi mtaani kwako, na bosi wako hajui hata jirani yako ni nani. Hapa Mtowisa, katika Bonde la Rukwa, mahali pa kazi panaishia wapi? Nyumba ya mwalimu mara nyingi iko hatua chache kutoka darasani. Muuguzi anaamshwa usiku wa manane kumpokea mama mjamzito, na anayemgongea mlango ni mwenzake wa zamu. Kijana aliyemaliza chuo anapangiwa kituo huku bondeni, anauteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na begi na godoro lake, na watu wa rika lake atakaozungumza nao mambo ya taaluma yake anawakuta wachache mno. Wawili kati yao wakipendana, mimi sioni ajabu wala utovu wa nidhamu. Serikali yenyewe inalijua hilo, maana watumishi wake wakioana na kutenganishwa na vituo, mmoja anaruhusiwa kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka marufuku ya jumla. Marufuku ya namna hiyo huwafundisha watu kujificha, na penzi la kujificha ndilo linaloharibu kituo.

Wazee wetu walijua njia nyingine: Ufipa, huku kwetu Rukwa, ilikuwa na mwiko wa kazi kabla ya kanuni yoyote kuandikwa. Wafua chuma waliojenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo yanayomzidi mtu kimo, walipiga kambi porini wakati wa kuyeyusha na kujizuia na tendo la ndoa mpaka kazi iishe. Tanuru lilipambwa kama bibi harusi, na kwa siku hizo mafundi walihesabiwa kuwa waume zake. Mtafiti Wembah-Rashid aliandika habari hizo katika miaka ya 1960, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda akayachunguza mabaki ya matanuru hayo kwa undani. Kinachonivutia ni mipaka ya mwiko wenyewe. Fundi hakuambiwa aishi bila mke. Alizuiwa kwa kazi fulani na kwa muda fulani, na waliobanwa walikuwa mafundi wenyewe, wenye ujuzi na dawa za tanuru.

Sisi tumeugeuza mwiko huo. Leo tunambana mdogo. Mwalimu wa kike wa ajira mpya anaonywa asijirahisishe, na mkuu wake haonywi na mtu.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamshika mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu. Lakini hizo ni kwa ajili ya dhuluma iliyo wazi. Kinachonikosesha usingizi ni pale ambapo hakuna anayelalamika. Tuseme mwalimu wa kike yuko kwenye matazamio ya miezi 12. Mkuu wake ndiye anayempa ruhusa ya kwenda Sumbawanga kumuuguza mzazi, ndiye anayempangia vipindi, ndiye anayempima utendaji, zamani kwa mfumo wa OPRAS na sasa kwa mfumo wa PEPMIS, na ndiye atakayependekeza athibitishwe kazini. Mkuu huyo anasema anampenda, na huenda anasema kweli. Je, binti huyu anaweza kukataa na bado akalala usingizi? Na akikubali, yeye mwenyewe atajuaje kwamba amekubali kwa hiari? Msimamo wangu ni kwamba mkuu asubiri. Kazi ya kumpima na kupendekeza athibitishwe ikihamia kwa mtu mwingine, hapo ndipo aseme la moyoni.

Kwa walio sawa kwa cheo, watangaze uchumba wao mapema, na pasiwe na mmoja anayekagua daftari la fedha la mwenzake. Watumishi wengine nao wana haki: ofisi ya walimu inaumia pale vipindi vya asubuhi vinapoanza kugawiwa kwa mapenzi.

Halafu kuna kuachana, ambako kunatutia aibu zaidi. Penzi likivunjika, mwanamke ndiye anayepewa majina kijijini, na mdogo kwa cheo ndiye anayeandikiwa barua ya kuhama, hata kama hakukosa lolote. Naiomba halmashauri ianze hapo: uhamisho wa namna hiyo usipendekezwe kamwe na mkuu aliyehusika, na kabla barua haijaandikwa, anayehamishwa aitwe asikilizwe wilayani, mkuu wake akiwa hayupo chumbani.