Majumba ya Wafalme wa India na Mikono Iliyoyajenga

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, fundi mwashi, katika mkutano wa tawi baada ya kurudi kutoka safari ya India. Wanachama wengi waliomba yapigwe chapa.)



 Wengi wenu mmeniuliza, "India umeona nini?" Nikijibu kwamba nimeona majumba ya wafalme, mnacheka na kusema kuwa nilikwenda kutembea tu. Ni kweli, nilikwenda kutembea. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika gari moja, na kiongozi wa wageni akitutangulia na mwavuli juu ili tusipotee. Lakini mimi ni mwashi. Mwashi akiingia nyumbani kwa mtu haangalii viti, huangalia pembe za ukuta. Basi nataka niwaelezeni niliyoyaona kwa jicho hilo.

DELHI

Tulianza katika Ngome Nyekundu ya Delhi. Mfalme Shah Jahan alianza kuijenga mwaka 1639, ikamalizika mwaka 1648. Ukuta wake wa mawe mekundu unazunguka kadiri ya maili moja na nusu. Kiongozi alituonyesha baraza la marumaru ambamo kilikuwako kiti cha enzi chenye vito, akatuambia kwamba Nadir Shah wa Uajemi alikiteka kiti hicho mwaka 1739. Katika baraza hilo hilo, mwaka 1858, Waingereza walimhukumu mfalme wa mwisho, Bahadur Shah, naye ni mzee wa miaka themanini na zaidi. Walimpeleka Rangoon, akafa huko mwaka 1862. Nyumba nyingi za ndani ya ngome walizibomoa, wakajenga kambi ya askari.

Lakini tarehe 16 Agosti 1947 Jawaharlal Nehru alipandisha bendera ya India huru juu ya ukuta huo, na mpaka leo Waziri Mkuu huhutubia taifa kutoka hapo kila tarehe 15 Agosti. Mabwana wa ngome wamebadilika mara nyingi. Kazi ya waashi haikubadilika. Nilipitisha kidole katika viungo vya mawe yale, na nawaambieni kweli, ni kazi safi.

AGRA

Kutoka Delhi tulikwenda Agra. Ngome ya huko ilijengwa na Akbar, babu yake Shah Jahan, kuanzia mwaka 1565. Mwaka 1658 Shah Jahan alifungiwa ndani yake na mwanawe mwenyewe, Aurangzeb, akakaa humo mpaka alipokufa mwaka 1666. Kutoka kibaraza cha mnara mmoja unaiona Taj Mahal kando ya mto unapopinda, kaburi ambalo mzee huyo alimjengea mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631. Wageni wote walisikitika kwa ajili ya mfalme aliyelitazama kaburi la mkewe kutoka kifungoni. Mimi pia nilisikitika.

Lakini yako mambo mawili ambayo hayamo katika masikitiko hayo. La kwanza, miaka ile ile, 1630 mpaka 1632, ilikuwa njaa kubwa mno katika nchi za Gujarati na Dekani, na watu wasiohesabika walikufa. Mfalme alifungua majiko ya kuwapa maskini chakula na kupunguza kodi, lakini hayo hayakutosha, na fedha za kujenga kaburi zilipatikana. La pili, mtu mmoja katika kundi letu aliuliza kama ni kweli kwamba mfalme aliwakata mafundi mikono ili wasijenge tena jengo kama lile. Mmepata kuisikia hadithi hiyo. Kiongozi alijibu kwamba hakuna ushahidi wowote. Ustad Ahmad wa Lahore, ambaye hutajwa kuwa mkuu wa wajenzi wa Taj, ndiye aliyepewa kazi ya ngome ya Delhi baadaye. Mfalme mwenye akili hamkati mikono fundi wake. Humwita kazini tena.

Kisha akatueleza jambo ambalo kwangu mimi lilizidi marumaru yote. Juu ya baadhi ya mawe ya Taj Mahal zimeonekana alama ndogo zilizochongwa na waashi wenyewe, kama nyota, mshale, pembetatu na nyinginezo. Nyote mnaojua kazi mnaelewa. Fundi huweka alama yake ili kazi yake isichanganywe na ya mwenziwe. Jina la mfalme liko katika kila kitabu, na la fundi ni mkwaruzo juu ya jiwe.

JAIPUR

Jaipur nitapita upesi. Katika ngome ya Amber kiko chumba ambacho kuta zake zimejaa vipande vya kioo, ukiwasha mshumaa mmoja unaona taa elfu. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha, nilimwuliza kiongozi, "Jumba liko juu ya kilima na ziwa liko chini. Maji ya kuoga yalifikaje hapa?" Alifurahi, akanichukua kando kunionyesha mabaki ya mitambo ya magurudumu na vyungu iliyokuwa ikipandisha maji kutoka ngazi moja hadi nyingine. Akaniambia kuwa wageni wengi hawaulizi habari za maji. Nikamwambia kuwa kwetu, anayeteka maji ndiye anayejua urefu wa kilima.

JODHPUR

Sasa nafika mahali nilipokuwa nikitaka kuwafikisha. Ngome ya Mehrangarh iko juu ya jabali, futi mia nne hivi juu ya mji wa Jodhpur. Aliianzisha Rao Jodha mwaka 1459. Pahali pengine ukuta una kimo cha futi mia na ishirini. Ukisimama chini huwezi kutambua jabali linakwisha wapi na ukuta unaanza wapi.

Karibu na lango moja, liitwalo Loha Pol, ziko alama za viganja vya mikono ukutani, zimepakwa rangi. Ni viganja vya wajane wa wafalme waliokwenda kuchomwa moto pamoja na maiti za waume zao. Mara ya mwisho ilikuwa alipokufa Maharaja Man Singh, mwaka 1843. Viganja hivyo ni vidogo. Hapakuwa na mtu katika kundi letu aliyesema neno.

Kisha kiongozi akatupeleka mahali penye jiwe la ukumbusho. Akasema kuwa Rao Jodha alipotaka kujenga, mtawa mmoja aliyekuwa akikaa juu ya jabali lile alifukuzwa, akailaani nchi ikose maji. Ili kuiondoa laana, ilisemekana kwamba lazima mtu azikwe hai katika msingi. Aliyezikwa aliitwa Rajaram, wa jamaa ya Wameghwal, ambao katika desturi za zamani walihesabiwa kuwa watu wa chini kabisa, wasioguswa. Husemwa kwamba alijitoa kwa hiari yake, na mfalme akaahidi kuwatunza watu wake. Wakapewa kiwanja, na kizazi chake kinakumbukwa hapo mpaka leo.

Ndugu zangu, neno hilo la "kwa hiari yake" lilinikwama kooni. Nilimwuliza kiongozi, "Je, mwana wa mfalme naye alijitoa kwa hiari?" Alinitazama, akasema, "Hapana. Hata mwana wa waziri." Hatukuongeza neno. Lakini mimi nimekwisha kusikia neno "hiari" mara nyingi maishani. Kibarua huambiwa amepanda jukwaa bovu kwa hiari yake. Huambiwa amefanya kazi Jumapili bila malipo ya ziada kwa hiari yake. Mtu asiye na shamba wala akiba, mwenye watoto wanaolia, hiari yake ni ya namna gani? Katiba ya India ya mwaka 1950 imeifuta desturi ya kutoguswa. Sheria hiyo ni njema, ingawa wenyewe wanakiri kwamba kuandika sheria ni siku moja na kuishi nayo ni kazi ya miaka.

JUMBA LA WAKATI WA NJAA

Kutoka ukuta wa Mehrangarh unaona ng'ambo ya mji jumba jingine kubwa, Umaid Bhawan. Hili si la zamani. Maharaja Umaid Singh aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1929, likamalizika mwaka 1943. Lina vyumba 347. Ilikuwa miaka ya ukame, na mfalme alitaka watu wapate ujira badala ya sadaka. Vibarua elfu mbili au tatu walifanya kazi humo. Mawe yalichongwa yashikane yenyewe bila udongo wa kuyaunganisha. Husimuliwa kwamba jiwe zito liliwekwa juu ya barafu, na barafu ilipoyeyuka jiwe lilishuka polepole mahali pake. Waashi wenzangu, hebu lifikirini jambo hilo!

Usiku ule tulibishana sana. Mmoja wetu alisema mfalme yule alikuwa mtu mwema, kwani watoto hawakufa njaa. Mwingine alisema kwamba fedha zile zingeweza kuchimba visima na mabwawa. Mimi nasema hivi: ujira ni bora kuliko sadaka, na aliyeutoa tumsifu kwa hilo. Lakini mwenye njaa hana nguvu ya kupatana ujira. Kazi ikiisha, jumba hubaki kwa mfalme, na kibarua hubaki na nyundo yake. Mpaka leo jumba hilo ni mali ya ukoo ule. Sehemu moja wanakaa wenyewe, sehemu ni makumbusho, na sehemu ni hoteli ya watu wenye fedha nyingi. Wafalme wa India walipoziunganisha nchi zao na Jamhuri waliahidiwa malipo ya kila mwaka, na malipo hayo yalifutwa mwaka 1971. Wengi wao waligeuza majumba yao kuwa hoteli.

VUMBI

Asubuhi ya mwisho, nje ya mji, niliomba gari lisimame penye wachonga mawe. Ni mawe yale yale ya majumba. Wanaume walikuwa wamekaa chini na tindo na nyundo, na wengine na mashine ya kukatia, na vumbi limewafunika mpaka nyusi. Kitambaa mdomoni, basi. Mmoja, ambaye si mzee, alikuwa akikohoa hata akaiweka nyundo chini. Kiongozi akaniambia kwa sauti ndogo, "Ni mapafu. Hawa hawazeeki."

Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Vumbi jembamba la mawe huingia katika mapafu na kuyafanya magumu, wala hakuna dawa ya kuyarudisha. Kitambaa hakilizuii vumbi hilo, maana ni jembamba kuliko nyuzi zake. Katika jimbo la Rajasthan wafanya kazi wa machimbo, wajane wao na vyama vyao walipiga kelele miaka mingi, na mwaka 2019 Serikali ya jimbo ikatoa mpango wa kuwapa wagonjwa fidia na pensheni, na kuwasaidia wajane. Hawakupewa bure. Walikwenda na vyeti vya hospitali mikononi, mtu mmoja mmoja, mpaka hesabu ikawa kubwa isiyoweza kufichwa.

Ndugu wanachama, hapa kwetu tunao watu wa machimbo ya mawe na watu wa mashine za kukatia. Nani amepimwa mapafu mwaka huu? Naona hapana mkono ulioinuliwa. Nimemwomba Ndugu Katibu alete mambo haya mbele ya halmashauri: maji yamwagiwe jiwe wakati wa kukata, ili vumbi lisiruke, tajiri atoe barakoa za kweli za kuzuia vumbi, si vitambaa, na kila mtu wa mawe apimwe kifua kila mwaka na kupewa cheti chake mwenyewe, kisifungiwe ofisini. Hayo si makubwa kama jumba la vyumba 347.

Wasioweza kufika India, waende Mombasa wakaione Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Aliyeichora, Giovanni Battista Cairati, alikuwa mjenzi mkuu wa Wareno katika nchi za mashariki, na India alifanya kazi. Jina lake tunalo. Mkifika pale, wekeni mkono ukutani na mwulize mwenye kuwatembeza majina ya waliobeba mawe. Hatakuwa nayo. Basi ya kwetu sisi tuyaandike tungali hai, katika daftari ya chama na katika vyeti vya hospitali.