MITAA YA MASHARIKI YA NAIROBI: WATU WAKE, KAZI ZAO NA MAMBO YA KUTAZAMA



Mgeni afikaye Nairobi huonyeshwa mbuga ya wanyama na majumba marefu ya katikati ya mji. Ni wachache wapelekwao upande wa mashariki, katika mitaa iitwayo Eastlands, hali huko ndiko waishiko wengi wa wafanyakazi wa mji huu.

Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha kuwa Nairobi ina watu wapatao 119,000. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073. Katika hao, Embakasi peke yake ilikuwa na 988,808, Kamukunji 268,276, na Makadara 189,536.

Mitaa ya kwanza haikujengwa kwa ajili ya jamaa. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kariokor ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya wakati ule ilitazamia kwamba mfanyakazi angerudi kwao kazi ikiisha. Hakurudi. Alileta mke, akazaa watoto, na mji ukakua. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya jamaa. Buruburu, Umoja na Dandora zikafuata katika miaka ya 1970.

Kwa habari ya kazi, Gikomba ni soko mashuhuri la mitumba. Huko Kamukunji mafundi wa jua kali hufua mabati kuwa majiko, masanduku na masufuria. Katika soko la Kariokor mgeni hupata vyondo na viatu vya ngozi.

Apendaye historia na atazame ukumbi wa Kaloleni, palipofanyika mikutano ya siasa kabla ya uhuru wa mwaka 1963, na uwanja wa Kamukunji, ulioitishiwa mkutano wa kudai vyama vingi tarehe 7 Julai 1990.

Sasa yako mashauri ya kubomoa nyumba nyingi za kale na kuinua maghorofa. Jambo hili si geni: kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Nyumba mpya zahitajiwa sana, maana za kale zimechakaa. Lakini yapasa kodi yake iwe ile awezayo kuilipa fundi wa Kamukunji na mchuuzi wa Gikomba. La sivyo, watasukumwa mbali na kazi zao, na watu waliokwisha kuufanya mji huu kuwa kwao watahesabiwa tena kuwa wapita njia.