Mhariri na Maji ya Bahari: Uchapishaji wa Kisayansi katika Taaluma ya Kuondoa Chumvi

Historia ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari husimuliwa zaidi kama historia ya mitambo na wahandisi, ilhali haikamiliki pasipo mhariri, yaani mtu anayepokea matokeo ya utafiti, akayapeleka kwa wataalamu wengine wayahakiki, kisha akayatoa katika umbo ambalo mtafiti wa nchi nyingine anaweza kulisoma na kulipima upya.

Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Njia kongwe ya kuitenga ni kuyachemsha maji na kuupoza mvuke wake, njia iliyopanuliwa sana katika nchi za Ghuba tangu miaka ya 1950. Njia ya pili ni osmosisi kinyume, ambayo kwayo maji husukumwa kwa shinikizo kubwa yapite katika utando mwembamba unaozuia chumvi. Utando wa kwanza wenye manufaa ulibuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan huko Los Angeles karibu na mwaka 1960, na mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukaanza kuutumia kusafisha maji yake ya chini ya ardhi.

Tatizo lilikuwa kwamba mkemia wa utando, mhandisi wa joto, mtaalamu wa kutu na mchumi waliandika kila mmoja katika jarida la fani yake. Mwaka 1966 Miriam Balaban alianzisha jarida la Desalination, lililochapishwa na Elsevier ya Amsterdam, akalihariri kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 2009 akaanzisha jingine, Desalination and Water Treatment. Kwa kuwakutanisha wataalamu hao katika kurasa zilezile, mhariri huyo alisaidia kuifanya kazi iliyotawanyika iwe taaluma moja.

Manufaa ya mkusanyiko wa aina hiyo yanapimika. Mitambo bora ya leo hutumia takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita ya ujazo ya maji yaliyosafishwa kutoka baharini, ilhali kikomo cha kifizikia, nusu ya maji inapochujwa, ni takriban 1. Nafuu ya kukikaribia kikomo hicho haikuletwa na mvumbuzi mmoja, bali na maboresho ya utando, pampu na vifaa vya kurejesha nishati, ambayo kila kundi liliyajenga juu ya matokeo ya wenzake.

Hata hivyo, jarida linalosomwa kwa malipo huwaacha nje wengi wanaochota maji ya visima vya chumvi. Kwa hiyo vyuo vikuu vya pwani ya Afrika Mashariki vinapaswa kufundisha uhariri wa kisayansi kama taaluma kamili, na kuchapisha bila malipo, kwa Kiswahili pia, matokeo ya mitambo iliyopo, yakiwamo yaliyoshindikana, kwa sababu kosa lisiloandikwa hulipiwa tena na mji unaofuata.