Mchanga, Msandali na Mizani ya Biashara ya Dunia



Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Mchanga wa mtoni utumike kwa ujenzi ndani ya kaunti, tena kwa kibali. Malori ya Nairobi yakafungiwa njia. Sababu hakuna asiyeijua Ukambani. Mito yetu hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga, na kina mama huyafukua humo kiangazi kizima. Mchanga ukizolewa, maji nayo yamekwenda. Kuna waliopoteza maisha katika ugomvi huo.

Kanuni za Shirika la Biashara Duniani haziamui kati ya Makueni na Nairobi. Zinaamua kati ya nchi na nchi. Hata hivyo naomba tuipime sheria ya Makueni kwa mizani ya kanuni hizo. Ibara ya 20 ya mkataba wa biashara wa GATT wa 1947 inairuhusu nchi kuzuia biashara ili kuhifadhi maliasili inayoweza kwisha, mradi uzalishaji au matumizi ya nyumbani nayo yabanwe. Hapo ndipo China ilipokwama mwaka 2014. Ilipunguza madini adimu yaliyouzwa nje, ikajitetea kwa mazingira, na waamuzi wa Shirika hilo wakaona viwanda vyake vyenyewe havikubanwa vivyo hivyo. Makueni nayo ingeulizwa: je, mwenyeji anazuiwa? Jibu lake ni kile kibali, ndiyo maana kila kibali kinachotolewa kwa kujuana kinaibomoa sheria yote.

Sasa tupande vilimani. Msandali humea kwenye miteremko ya mawe, na wavunaji huung'oa mzima kwa kuwa mafuta yamo hadi mizizini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, lakini marufuku ya nchi moja huishia mpakani, na magogo yaliendelea kuvushwa. Ndipo Machi 2013, mjini Bangkok, mkutano wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe pori vilivyo hatarini, ulipokubali ombi la Kenya. Msandali wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili. Tangu hapo kuuza nje kihalali kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji wataalamu waridhike kwamba mti hautatoweka porini.

Wapo wanaosema mikataba ya namna hii inagongana na uhuru wa biashara. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni kesi ya kasa. Marekani ilizuia kamba wa baharini waliovuliwa kwa nyavu zinazoua kasa. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaishtaki. Mwaka 1998 Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kilitumia orodha ya CITES yenyewe kuthibitisha kwamba kasa ni maliasili inayoweza kwisha. Marekani ilishindwa kwa kosa jingine: ilikaa na nchi za Amerika na Karibiani kujadiliana, wengine ikawapa amri tu. Ilipojirekebisha, ikashinda mwaka 2001. Makubaliano na jirani, basi, yana nguvu mahakamani kuliko amri ya mmoja, hata mmoja huyo awe mkubwa kiasi gani.

Linaloniuma ni gharama ya kumthibitishia mnunuzi kwamba masharti yametimizwa; maembe ni mfano. Kenya ilisitisha maembe ya kwenda Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikayarudisha 2021. Ibara ya 6 ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya mimea na wanyama inamtaka mnunuzi atambue eneo lisilo na mdudu, hata kama nchi nzima haijasafika. Ni mlango mzuri kwa maembe ya Makueni, lakini ufunguo wake ni mitego, kumbukumbu na ukaguzi wa msimu baada ya msimu, na anayedaiwa uthibitisho ni muuzaji. Mwenye miembe ishirini hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024 umeingiza ahadi za mazingira, zikiwemo za Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi. Fedha za mitego na wakaguzi ziwekwe katika utekelezaji wake, na kaunti za Kitui na Makueni ziwe mezani fedha hizo zinapogawanywa.