Rangi na Utamu: Uchaguzi wa Michungwa kwa Pwani ya Ukungu



Mtu aliyelelewa kwa machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, yanayouzwa kando ya barabara yangali kijani, yakamenywa kwa kisu huku ganda likining'inia kama utepe, na kufyonzwa papo hapo kwa utamu wake, akijaaliwa kufika San Francisco mwezi wa Januari, akaona uani kwa mwenyeji wake mchungwa uliosheheni matunda ya rangi ya dhahabu, hatashuku hata chembe kwamba la dhahabu ndilo kali na la kijani aliloliacha nyumbani ndilo tamu. Nimeyaonja machungwa ya namna hiyo, nikakunja uso mbele ya mwenyeji aliyeutunza mti wake kwa miaka mingi. Na huruma niliyomwonea ndiyo asili ya mhadhara huu.

Ganda la chungwa hugeuka rangi pale usiku unapopoa hadi kiasi cha digrii 13 au chini yake, kijani kikavunjika na manjano yaliyofichika yakadhihiri; na madhali usiku wa Tanga aghalabu haufikii baridi hiyo, chungwa letu huiva na ukijani wake. Utamu una njia yake mbali. Sukari hutengenezwa na majani kwa msaada wa jua, lakini ulimi hauonji sukari peke yake, bali huionja ikishindana na asidi, na asidi hiyo hupunguzwa na joto, mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi. Sasa pwani ya California ya kaskazini inapakana na maji baridi ya Pasifiki, yanayozaa ukungu wa Julai na Agosti, hata joto la mchana mjini San Francisco likabaki karibu na digrii 20 katika kiangazi chenyewe. Tunda hupata rangi upesi, ilhali ukali wake haujaondoka.

Kwa hiyo mwenye bustani mahali kama hapo asivutwe na sifa ya jina. Washington navel, chungwa lisilo na mbegu ambalo asili yake ni Bahia, Brazil, na ambalo Bibi Eliza Tibbets aliupanda mche wake Riverside, California, mnamo mwaka 1873, limestahiki umaarufu wake wote. Lakini Riverside ni bara, penye jua kali, na karibu na bahari ni afadhali kupanda Trovita, mtoto wake aliyetokana na mbegu huko huko Riverside, ambaye hatamani joto jingi kama mzazi wake.

Balungi ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa hutaka joto la jangwa, na penye ukungu hubaki chungu na kali hata likae mtini mwaka mzima na zaidi. Walakini mwaka 1958 wataalamu wawili wa Riverside, Robert Soost na James Cameron, walilichanganya balungi na furungu lisilo na asidi, na uzao wake, Oroblanco, ukatolewa kwa wakulima mwaka 1980. Naona hii ni hekima kubwa: maadamu jua la kuuondoa ukali halipatikani, walitafuta tunda ambalo tangu mwanzo lina ukali kidogo tu wa kuondolewa. Lipandwe penye ukuta unaotazama kusini, ambao hulihifadhi joto la mchana, kisha liachwe mtini, kwani jamii hii ya michungwa haina wanga wa kugeuka sukari baada ya kuchumwa, tofauti na ndizi; mwenyewe akate moja kila juma, aonje, asubiri.

Malimau hayahitaji maneno mengi, kwani kwayo ukali ndio unaotakiwa.

Limebaki chenza la satsuma, hususan Owari ya Kijapani, ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya yote. Asidi yake hushuka mapema, kabla baridi haijashika, wala halipendi kungojewa, kwani likikawia ganda hufura na nyama hukauka. Lisivutwe kwa mkono, maana ganda lake legevu huchanika penye kikonyo. Likatwe kwa mkasi. Na mwenye mti asiitazame rangi, kwa sababu mara nyingi satsuma huwa limekwisha kuwa tamu ilhali ganda lingali na kijani, kama lile la Muheza.